Uzi: Kabla hujabadilisha programu ya BBS ya redio ya pakiti, chunga namba za barua

Masafa Marefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoendesha BBS (vituo vya kuhifadhi na kupeleka barua) za redio ya pakiti, yaani data inayorushwa hewani kwa vipande, hasa wale ambao mitambo yao iliwekwa enzi za DOS na sasa wanataka kuhamia kwenye programu zinazotunzwa hadi leo. Ubishi wa programu ipi bora naomba tuuweke pembeni. Iwe FBB ya Linux, LinBPQ au JNOS, zote zinapokea barua na kuzipeleka. Uhamisho huharibiwa na kitu kingine kabisa: kumbukumbu za BBS, yaani namba za barua na daftari la BID (vitambulisho vya barua). Ukizipoteza hizo, kituo kitaonekana kizima, watumiaji wataingia na kuandika kama kawaida, huku barua zao zinakataliwa na majirani, yaani BBS nyingine mnazopelekeana barua, kimyakimya.

Kwanza, kwa nini uhame. "Inafanya kazi, iache" ni ushauri mzuri kwa mtambo ambao vipuri vyake bado vipo. Lakini programu ya DOS ya biti 16 haiendeshwi na Windows ya biti 64, na diski za zama zile zimechoka. Kama utahama, hama wakati mtambo wa zamani bado unawaka, kwa sababu ndio utakaokutolea barua na kukuonyesha kaunta imefika wapi. Ukisubiri uzimike, kazi itageuka kuwa kufukua diski.

Sasa tuingie kwenye BID.

Kila barua inayozaliwa kwenye BBS hupewa BID, kitambulisho kisichozidi herufi 12, na hutembea nacho popote iendako. Ukiiachia programu ichague yenyewe, itachukua namba ya barua, kistari cha chini na kolisaini (alama ya utambulisho wa kituo) ya BBS. Tuseme BBS yako ni Q1BBS (ya kubuni hiyo, hakuna nchi inayotoa kolisaini inayoanza na Q). Barua namba 312 itakuwa na BID 312_Q1BBS.

Vituo viwili vinapofowadi (vinapopelekeana barua) kwa utaratibu wa FBB, barua yenyewe haitumwi kwanza. Kinachotangulia ni pendekezo, lisilozidi barua tano kwa mkupuo, na linaonekana hivi:

FB P Q1ABC Q2BBS Q2XYZ 312_Q1BBS 1480
F>

Yaani: barua binafsi, kutoka kwa Q1ABC, iende BBS ya Q2BBS kwa Q2XYZ, BID yake ni hii, ukubwa baiti 1480. Jirani anafungua daftari lake la BID. Kama hajawahi kuiona anajibu FS + na barua inaanza kushuka. Kama BID imo tayari anajibu FS - na hapo habari imeisha, maana kwake hiyo ni barua aliyokwisha kuipokea.

Chukua BBS isiyo na shughuli nyingi, kaunta ya zamani imefika 640. Unaweka programu mpya kwenye folda tupu, inaanza kuhesabu kutoka 1. Mtumiaji anaandika barua ya kwanza, inapata 1_Q1BBS. Jirani anaitafuta, anaikuta ya tangu mwaka jana, anajibu FS -. BBS yako inaelewa kwamba jirani anayo, kwa hiyo inaiwekea barua alama F, imefowadiwa. Mwandishi akiingia kuangalia anaona F, anaondoka ameridhika. Barua haikutoka hata baiti moja. Hakuna kosa kwenye logi, hakuna onyo. Itagundulika siku mtu atakapouliza mbona hajibiwi.

Kuna watakaosema kaunta yao ilikuwa mbali sana, na majirani husafisha daftari mara kwa mara, kwa hiyo hawatagongana. Inawezekana. Ila jirani wa jirani anatunza BID kwa muda gani hujui, na barua haiishii kwa jirani wa kwanza.

Dawa ni rahisi. Kwenye mtambo wa zamani, andika barua ya majaribio kwako mwenyewe uone imepewa namba ngapi. Kwenye programu mpya, kabla haijagusa redio, anzisha kaunta juu ya hapo kwa nafasi ya kutosha. Zamani ilikuwa 18452? Anza na 20000. Lakini usijitie ubabe ukaanza na 200000: tarakimu tano, kistari kimoja na kolisaini ya herufi sita tayari ni 12. Tarakimu ya sita haina pa kukaa.

Mwenye swali aweke hapa.

---

Koili

Mkuu, somo limeeleweka. Ila barua zilizomo kwenye BBS ya zamani zinahamaje? Nikinakili folda nzima haitoshi?

---

Masafa Marefu

Mkuu Koili, folda nzima inatosha pale tu unapotoka toleo moja kwenda toleo jingine la programu ileile, na hapo pia soma maelezo ya toleo kwanza. Faili ya vichwa vya barua si maandishi. Programu nyingi huandika muundo wa kumbukumbu yake moja kwa moja kwenye diski, kila uga kwa idadi yake ya baiti. Toleo la biti 32 likiweka tarehe kwenye baiti 4 na la biti 64 likitegemea 8, kila kinachofuata baada ya tarehe kinasomwa kikiwa kimesogea. Utaona majina ya watumiaji yenye herufi za ajabu na barua za ukubwa usiowezekana. Tarehe hizo za biti 32 zina mwisho wake pia, 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC, kwa hiyo mabadiliko ya muundo yanakuja hata kwa asiyeyataka.

Ukitoka programu moja kwenda nyingine, toa barua kwa maandishi. Namna inayoeleweka na wengi ni ile ya faili ya kuingizia barua ya FBB:

SP Q2XYZ @ Q2BBS < Q1ABC $312_Q1BBS
Kichwa cha barua
Maneno ya barua...
/EX

Angalia ile alama ya dola. Inabeba BID ya asili. Ukiiacha, programu mpya itaipa kila barua BID mpya, na buletini (barua za wote) zote za zamani zitatoka upya kwenye mtandao kana kwamba zimeandikwa leo. Majirani hawatakushukuru. Kwa kasi ya baudi 1200, pakiti moja ya baiti 256 inakula karibu sekunde 1.7 hewani, kabla hujahesabu kichwa cha fremu na muda wa redio kuamka. Buletini mia mbili za marudio zinaweza kumaliza usiku mzima wa masafa ambayo watu wanagawana.

Jingine ni mwisho wa mstari. DOS hufunga mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, Linux kwa LF peke yake, hewani desturi ni CR peke yake. Ukiingiza bila kubadilisha utapata mistari mitupu kila baada ya mstari, au barua nzima iliyojikunja kwenye mstari mmoja. Jaribu na barua tatu kabla ya kumwaga zote.

---

Mtambo wa Zamani

Mimi ndiye yule wa "inafanya kazi, iache", na sijutii. FBB yangu ya DOS nimeiweka ndani ya emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani) kwenye kompyuta mpya, inapiga kazi. Jean-Paul Roubelat aliiandika vizuri, kwa nini niitupe? Mnabadilisha programu kwa sababu ni mpya tu.

---

Masafa Marefu

Mzee, heshima yako. Kwa anayetaka kuendelea na kilekile, emuleta ni njia halali, na kwa suala la BID ni salama kuliko zote maana hakuna kinachobadilika. Tatizo ni bandari za serial na saa. Emuleta inayochelewesha bandari kidogo tu inatosha kumfanya FBB aone TNC (kifaa cha kati ya kompyuta na redio) imekufa. Kama kwako haitokei, kaa nayo. Ila nakuomba toa nakala ya maandishi ya barua zako leo.

---

Mtambo wa Zamani

Nakala nitatoa. Hapo umesema.

---

Koili

Nina swali jingine wakuu. TNC yangu ilikuwa inazungumza na programu ya zamani kwa hosti modi. Nimeunganisha kwenye LinBPQ kwa waya wa USB kwenda serial, bandari inafunguka, lakini hakuna kinachosikika wala kinachotoka. TNC imekufa?

---

Nodi Saba

Mkuu Koili, TNC yako ni nzima, lugha ndiyo tofauti. Kwenye hosti modi ya WA8DED, AX.25 (itifaki ya redio ya pakiti) yote inafanyika ndani ya TNC: yenyewe inaunganisha, inahesabu fremu, inarudia zilizopotea. Programu za sasa nyingi zinaitaka TNC iwe KISS, ambapo inabaki modemu tu. Fremu ghafi inapita, na kazi yote ya AX.25 inafanywa na kompyuta. Utaratibu huu uliletwa na Mike Chepponis na Phil Karn mwaka 1987 na hadi leo ndio unaotumiwa kila mahali. Hata Direwolf, ambayo ni TNC ya programu kupitia kadi ya sauti, inaongea KISS kwenye bandari ya TCP 8001.

Kwa hiyo iweke TNC kwenye KISS kwanza, amri inategemea TNC yenyewe. Na kariri hizi baiti tatu: 192, 255, 192. Ndizo zinazoitoa TNC kwenye KISS. Siku ukitaka kurudi kwenye programu ya zamani usipozituma, TNC haitajibu amri yoyote na utadhani imeungua.

Sasa sikiliza hili la vipimo, maana ndipo wengi wanapopotezea wikendi. Ukishaingia KISS, TXDELAY (muda wa redio kuamka), FRACK (muda wa kusubiri jibu kabla ya kurudia), MAXFRAME (idadi ya fremu kwa mkupuo) na PACLEN (urefu wa pakiti) ulizoweka ndani ya TNC hazina kazi tena. Zinatoka kwenye faili ya kompyuta. Na vizio si vilevile. TXDELAY 30 kwenye TNC ni mafungu ya milisekunde 10, yaani milisekunde 300. Kwenye bpq32.cfg, faili ya mipangilio ya LinBPQ, unaandika milisekunde zenyewe, kwa hiyo ukinakili 30 umeipa redio milisekunde 30 za kuamka. Redio nyingi haziwezi. Mwanzo wa kila fremu unakatika, wewe unamsikia kila mtu na hakuna anayekusikia. FRACK nayo: 7 ya TNC ni sekunde 7, kwenye bpq32.cfg ni 7000. Ukiweka 7, BBS itaanza kurudia fremu hata kabla redio haijaachia kitufe.

---

Koili

Nodi Saba, ni TXDELAY. Nilinakili 30 vilevile. Nimeweka 300 na jirani ameanza kunijibu. Shukrani sana mkuu.

---

Nodi Saba

Karibu. Na kwa kuwa uko LinBPQ, hili litakukuta kwenye kila sasisho. Ukishusha toleo jipya huwezi kuliandika juu ya linalokimbia, mfumo utakwambia faili inatumika. Zima kwanza, ipe ya zamani jina jingine (usiifute), weka mpya, iruhusu kwa chmod +x. Mpaka hapo wengi wanajua. Wanachosahau ni setcap, amri ya kuipa faili ruhusa maalum za mfumo. Ruhusa za mtandao kama CAP_NET_RAW, CAP_NET_ADMIN na CAP_NET_BIND_SERVICE zimebandikwa kwenye faili yenyewe, si kwenye jina lake. Faili mpya inazaliwa bila ruhusa hata moja. Matokeo yake yanachanganya: redio inafanya kazi, viungo vya AXUDP (AX.25 inayopitia mtandao wa IP) vinafanya kazi, ila vya AXIP vimekufa, kwa sababu AXIP ni protokoli namba 93 ya IP na inahitaji soketi ghafi. Bandari zilizo chini ya 1024 nazo hazifunguki. Mtu anashinda anamlaumu jirani au ruta, kumbe ni amri moja ya setcap. Iandike kwenye skripti yako ya kusasisha ikae humo moja kwa moja.

---

Sikio Makini

Wakuu naongeza la saa, halijaguswa vizuri.

BBS ina kazi ya usafi inayojiendesha kila siku: inafuta barua zilizozeeka, inasafisha daftari la BID, inapanga upya faili. Yote inayafanya kwa kuamini saa ya kompyuta. Sasa watu wanahamisha BBS kwenye Raspberry Pi na kuipandisha kilimani isiko na intaneti. Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani kabisa, na Pi 5 inahitaji betri yake ndipo saa iendelee umeme ukikatika. Umeme ukirudi, kompyuta inaamka na saa iliyoikumbuka mara ya mwisho, ambayo inaweza kuwa nyuma kwa wiki nzima. Barua zinazoingia zinapigwa mhuri wa zamani. Saa ikija kurekebishwa, barua hizo zinaonekana zimezeeka kabla ya wakati wake.

Kuna upande wa majirani pia. Kila BBS inaongeza mstari wa R: juu ya barua inayopita kwake, wenye tarehe na saa ya UTC. Saa yako ikiwa mbovu umeandika uongo juu ya barua za watu, na jirani anayechuja buletini kwa umri anaweza kuitupa ya leo. Weka kijisaa cha nje kama DS3231, au GPS, na ipange huduma ya BBS isianze mpaka saa iwe imekaa sawa.

---

Masafa Marefu

Sikio Makini, umenena. Na siku ya uhamisho yenyewe, zima ile kazi ya usafi kwenye programu mpya mpaka uwe umehakiki tarehe za barua zilizoingizwa. Kipindi cha kufuta buletini unachokikuta kwenye programu mpya kinaweza kuwa kifupi kuliko ulichozoea. Unaingiza barua za mwaka mzima jioni, usiku usafi unapita, asubuhi zimebaki za mwezi mmoja.

---

Redio Kiganjani

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mambo haya. Nikiwa msimamizi naingia BBS kwa mbali kupitia redio, neno la siri si kila mtu analisikia? Toleo jipya haliwezi kusimba mawasiliano?

---

Sikio Makini

Karibu ndugu. Kusimba sahau. Kanuni za Redio za ITU, kifungu 25.2A, zinakataza mawasiliano ya redio za ridhaa kati ya nchi na nchi kufichwa maana kwa kusimba, isipokuwa amri za kuongoza setilaiti, na sheria za nchi nyingi zinafuata mkondo huohuo. Kubana barua hakukatazwi, kwa sababu LZHUF inayotumiwa na FBB iko wazi na yeyote anaweza kuifungua.

Kwa neno la siri kuna ujanja wa siku nyingi. Wewe na BBS mna sentensi ndefu mnayoijua nyinyi tu. Unapoingia BBS inakutumia namba kadhaa, tuseme 4 17 9 31 22, nawe unajibu kwa herufi zilizo kwenye nafasi hizo. Kesho namba zinabadilika. Msikilizaji anapata herufi tano zisizomsaidia. Ila ukiingia mara nyingi kwa sentensi fupi, mwenye subira ataijaza kidogokidogo, kwa hiyo iwe ndefu na uibadilishe. Ukihama programu usibebe sentensi ya zamani, weka mpya.

---

Koili

Mkuu Masafa Marefu, la mwisho kwangu. Nataka nijaribu BBS mpya hewani kabla sijazima ya zamani. Nikiipa SSID (ile namba inayofuata kolisaini) nyingine, ya zamani ikabaki Q1BBS-1 na mpya ikawa Q1BBS-5, si zitaishi pamoja bila shida?

---

Masafa Marefu

Kwenye AX.25 zitaishi, SSID ni 0 hadi 15 na kila moja ni anwani kamili. Kwenye barua hazitaishi. BID haibebi SSID, inabeba kolisaini tupu. Barua 20001 kutoka mtambo wa majaribio na 20001 ya mtambo wa zamani ukifika huko zote ni 20001_Q1BBS. Anwani ya BBS kwenye barua nayo haina SSID, kwa hiyo barua za watumiaji wako zitatua kwenye mtambo wowote utakaoziwahi.

Jaribu hivi. Mpya iwe na SSID yake, watumiaji wawili watatu unaowaamini waingie, wasome, waandikiane wao kwa wao. Kufowadi kuwe kumefungwa kabisa, na zima pia kupokea kutoka kwa majirani. Ukiridhika, futa barua za majaribio lakini usirudishe kaunta nyuma.

Siku ya kuhama, waambie majirani mapema. Zima kufowadi kwenye ya zamani, subiri foleni yake iishe, ndipo utoe barua na daftari la BID. Kama daftari la zamani halisomeki na programu mpya, BID zilizomo ndani ya barua ulizoingiza zitakusaidia kwa kiasi fulani. Zilizobaki zitarudi kama marudio machache, yavumilie. Fungua jirani mmoja tu kwanza, na ukae unatazama fremu kwa macho yako.

Angalia ile mistari ya mabano vituo vinapokutana, mfano [FBB-7.00-AB1FHM$]. F ni kufowadi kwa FBB, B au B1 ni aina ya kubana, H ni anwani za ngazi, M na dola ni kwamba kituo kinaelewa vitambulisho. Programu yako mpya inaweza kutangaza B2 wakati jirani anajua B tu. Zitashuka zenyewe hadi wanapoelewana. Ikiwa barua zinaanza kushuka kisha zinakatika na kosa la kubana, mpangie jirani huyo B ya kawaida kwenye mipangilio yake, usibadilishe kwa wote.

Halafu tazama majibu ya FS. Barua mpya kabisa ya mtumiaji wako ikijibiwa + endelea, fungua jirani wa pili. Ikijibiwa - simamisha kufowadi papo hapo, maana kaunta yako imeingia kwenye eneo lililotumika. Ipandishe zaidi, na barua iliyokataliwa iandike upya ipate BID nyingine. Kuiondolea tu alama ya F haisaidii, itakataliwa tena.

---

Koili

Sawa mkuu. Kaunta ya zamani ni 7318, nitaanza na 10000. Kufowadi nimefunga tayari, majirani nimewaandikia. Diski ya zamani niitunze kwa muda gani?

---

Masafa Marefu

10000 inatosha. Diski ya zamani itunze mpaka muda wa BID kwenye daftari za majirani wako upite, waulize wamepanga siku ngapi. Ila itoe kwenye kompyuta, isije ikawashwa kwa bahati mbaya ikaanza kufowadi foleni ya mwaka jana.